Mtandao Uliogoma Kuzimika

Haya, mmeshinda. Wiki nzima simu yangu haikupumua. Mama mmoja wa Nzega kanirekodia sauti ndefu ananilaani kwa kumwacha Adelina gizani. Giza gani, mama? Umeme ulikatika saa nane mchana, jua linachoma bati! Tuelewane hapo kwanza, ndipo tuendelee.

Na wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi, sogea nikupe kwa kifupi. Adelina, mwalimu wa sekondari kutoka Igunga, yuko Tabora mjini, Hoteli ya Msafara, chumba cha ghorofani. Mdogo wake, Limbu, alikuwa utingo wa lori la Kornel, tajiri mnunuzi wa tumbaku. Limbu ndiye pekee aliyemwona Kornel akiamuru ghala lichomwe huku mlinzi amefungiwa ndani. Kesho asubuhi anatakiwa mahakamani kusema alichokiona. Leo amefichwa, na watu wa Kornel wanamtafuta kila kona. Wakimpata kabla ya kesho, hakuna kesi tena, na hakuna Limbu.

Sasa twende.

Feni ilijizungusha kwa uvivu, ikasimama. Friji ya kwenye kona ikanyamaza. Huko chini jikoni mtu akapiga kelele, "Wamekata hao!"

Adelina alikuwa kakaa kitandani, laptopu mapajani, anasubiri kikao cha mtandaoni na wakili Julieth aliyeko Dodoma. Akajua kikao kimekwisha kabla hakijaanza. Akaangalia skrini.

Alama ya waifai ilikuwa palepale, imejaa mpaka juu.

Akafurahi, masikini ya Mungu! Akasema peke yake, "Kumbe hoteli ya maana hii."

Furaha yenyewe haikufika mbali. Alikumbuka asubuhi, wakati anapita mapokezi kwenda kunywa chai, mgeni mmoja alikuwa anagomba. Mtandao ulimkatikia jana. Na dada wa mapokezi alimjibu kwamba umeme ukikatika na mtandao unakatika, ndivyo hoteli ilivyo.

Sasa huu wa kwake unatoka wapi?

Akaifunika laptopu kwa khanga, akashuka nayo ngazi.

Dada wa mapokezi aliitwa Najiat, binti wa mjini hapo hapo, mwenye ushungi na maneno mengi.

"Mdogo wangu," Adelina akamwambia kwa sauti ya chini, "waifai yenu inafanya kazi sasa hivi?"

Najiat akacheka. "Kwa umeme upi, dada yangu? Kile pale." Akaonyesha kwa kidevu kisanduku cheusi juu ya kabati. Hakikuwa na taa hata moja. "Jenereta ni ya taa za korido na friji la jikoni tu. Bosi anasema nyama inaoza, mtandao hauozi."

"Inaitwaje, hiyo waifai yenu?"

"Msafara Hoteli. Si nilikuandikia na paswedi ulipofika?"

Adelina akafungua laptopu juu ya meza ya mapokezi. Najiat akainama kusoma. Kicheko kikamwishia.

"Msafara Wageni? Hiyo siyo yetu, dada. Hiyo siijui kabisa. Nani alikuunganishia?"

Adelina akaifunga laptopu taratibu. Alikuwa anamjua vizuri aliyemuunganishia.

Yule mtani!

Nyinyi mnaonifuata tangu mwanzo mnamkumbuka. Asubuhi ile ile, kwenye chumba cha chai, laptopu ilikuwa imegoma kukamata mtandao na Adelina anaigeuzageuza. Akatokea bwana mmoja mnene, mcheshi, kofia ya kiua kichwani. Hakusalimu. Alichukua chapati kutoka sahani ya Adelina, akaikunja, akaitia mdomoni.

"Mnyamwezi wewe!" akasema huku anatafuna. "Unakula peke yako, mtani wako Mzaramo wa Kisarawe yuko hapa anakufa njaa?"

Adelina alicheka, mara ya kwanza tangu asafiri. "Mzaramo gani anafika Tabora bila ngoma?"

"Ngoma nimeiacha stesheni, nimekosa wa kunibebea. Wale babu zenu waliokuwa wanabeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani wamekwisha wote?" Halafu akaiona laptopu. "Lete hiyo mashine. Zamu imegeuka. Leo mimi ndiye mpagazi wako!"

Akaichukua. Na nani anamnyima mtani? Akila chapati yako, unamwachia. Akivaa koti la marehemu msibani, unamcheka huku machozi yanakutoka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa huku kwetu, tangu misafara ya zamani inapita kwenda pwani na kurudi. Mtu mwingine yeyote angeomba laptopu ile angeulizwa kwanza jina lake na la baba yake. Huyu hakuulizwa kitu.

Alibonyeza hapa na pale. Ukatokea ukurasa mzuri wenye picha ya hoteli. "Karibu Msafara. Andika imeili yako na paswedi yake upate intaneti bure." Adelina akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, mtani kasimama nyuma yake anatafuna chapati ya pili.

"Yule Bwana Abasi?" Najiat akauliza sasa. "Mzaramo? Si jirani yako wa ukuta kwa ukuta! Alifika kabla yako kidogo. Akaniuliza mwalimu wa Igunga atapewa chumba gani, kwamba ni mtani wake anataka kumshitukiza."

"Ukamwambia?"

"Dada, si alisema ni mtani wako!" Macho ya Najiat yakajaa machozi. "Alininyang'anya hata kalamu yangu. Nikaona ni utani wenu tu."

Adelina hakumlaumu. Angemlaumu vipi?

"Usimwambie kitu," akamwambia. "Akikuuliza, hujaniona."

Akapanda ngazi haraka. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamzunguka kichwani: imeili ya Limbu.

Wakili Julieth alikuwa amewaelekeza vizuri. Simu hapana, kabisa. Namba ya mtu anayemhifadhi Limbu Adelina hakupewa, makusudi. Waandikiane kwa imeili, na Limbu ajifanye mwanafunzi anayetuma kazi ya likizo, ili barua yake ipotee katikati ya barua za wanafunzi. Na asiandike mahali alipo. Hilo lilirudiwa na kurudiwa.

Sasa sikilizeni kijana alichoandika juzi, chini ya kichwa cha habari Kazi ya Likizo, Kidato cha Pili. "Dada usihofu. Niko Itetemia kwa Mzee Mahona wa mashine ya kusaga. Nakula ugali na kisamvu, nimeanza kunenepa."

Jamani! Kaambiwa asiseme alipo, yeye anataja mpaka mboga!

Alipofika koridoni, Abasi alikuwa amesimama mlangoni kwake, kofia imelalia upande, mkono mmoja mfukoni.

"Mnyamwezi! Joto limekutoa?"

"Limenitoa, mtani." Adelina akasimama.

Macho ya Abasi yakashuka kwenye khanga iliyofunika laptopu. "Intaneti vipi, inakwenda?"

"Inakwenda. Umenibebea vizuri, mpagazi wangu."

"Ndiyo kazi yangu."

Kulikuwa na hatua chache tu kati ya Adelina na mlango wake. Angeweza kupita. Lakini alitaka kuwa na hakika, na njia ya kumpima mtani aliijua.

"Leo sina raha," akasema. "Baba yetu tulimzika mwaka huu, mwezi wa nne. Nimekaa peke yangu nikamkumbuka."

Abasi akavua kofia. Akainamisha kichwa. "Pole sana, dada. Pole sana. Mungu amlaze mahali pema."

Adelina akaibana laptopu kifuani.

Siku ya kumzika baba yao alikuja Mzaramo mmoja, mzee wa reli aliyefanya kazi na marehemu. Alijilaza ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Akavaa koti la marehemu, akatembea anachechemea vilevile alivyochechemea marehemu, na msiba mzima ukacheka huku unalia. Huyo ndiye mtani. Mtani ukimwambia baba kafa, anakuuliza koti lake liko wapi. Haombolezi na wewe. Hakuvulii kofia.

"Amina," Adelina akajibu.

"Mmebaki wangapi?"

"Wawili. Mimi na mdogo wangu."

"Yuko wapi siku hizi?" Aliuliza huku anafuta kofia vumbi, bila kumwangalia.

"Anahangaika na maisha kama vijana wote."

"Vijana hao!" Abasi akarudisha kofia kichwani, akatabasamu. "Ukimwona mwambie mtani wake anamtafuta."

Adelina aliingia chumbani, akafunga kwa ufunguo, akaegemea mlango. 

Kwanza akafikiri. Kama Abasi angekuwa ameshaisoma ile barua ya kisamvu, asingekuwa koridoni anauliza maswali. Bado anapekua. Barua za wanafunzi ni mamia, na kila moja ni kazi ya likizo. Lakini atapekua mpaka lini? Jioni? Saa moja ijayo?

Najua, kijana wa mjini unayesoma hapo unapiga kelele: abadili paswedi! Abadili, halafu? Jamaa wa nyuma ya ukuta aone mlango umefungwa usoni, ajue amegundulika, aje na bega kuuvunja huu wa mbao? Na alichokwisha kukihifadhi kwake, utakifuta na nini?

Adelina hakubadili paswedi. Alikaa kitandani, akafungua laptopu, akatabasamu kwa hasira. Kama mtu anasoma barua zako, si umwandikie?

Akaandika, safari hii bila kuficha chochote.

"Mdogo wangu Limbu. Hapo ulipo si salama tena, ondoka sasa hivi. Nenda Usoke, stesheni. Shangazi anakusubiri hapo mpaka jioni. Usimwambie mtu. Dada yako Adelina."

Akasoma mara ya pili. Hesabu yake ilikuwa hii. Limbu hana simu, aliandika mwenyewe. Anasoma imeili kwenye simu ya Mzee Mahona, na Mzee Mahona hushinda mashineni na simu yake mfukoni mpaka jioni. Mpaka Limbu aione barua hii, Abasi atakuwa ameshazunguka stesheni ya Usoke mpaka amechoka, na Adelina atakuwa ameshamchukua mdogo wake Itetemia na kumpeleka kwingine.

Akabonyeza. Barua ikaenda, kwa mtandao wa adui mwenyewe.

Akatega sikio ukutani.

Kimya.  Kisha kitanda cha upande wa pili kikalia. Droo ikafungwa. Funguo zikagongana. Mlango ukafunguliwa, na viatu vikashuka ngazi kwa haraka.

Adelina alikimbilia dirishani. Chini, Abasi alikuwa anaingia kwenye gari jeupe, simu sikioni. Ucheshi wote umemtoka usoni. Gari likarudi nyuma, likageuka, likashika njia ya kuelekea barabara ya Urambo. Ndiyo hiyo hiyo ya Usoke!

"Beba huo sasa, mpagazi wewe!" Adelina akasema, akarusha khanga juu, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwacheni acheke. Mwenzenu alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi.

Akachukua simu, akampigia wakili. Akamweleza yote kwa pupa: mtandao wa bandia, mtani wa bandia, barua ya kisamvu, mtego wa Usoke.

Wakili Julieth alimsikiliza bila kumkatiza. Halafu akauliza, "Adelina, hiyo barua ya Usoke umeituma kwenye anwani gani?"

"Ya Limbu. Ingekuwa ya nani?"

"Na Limbu akiisoma?"

"Hawezi kuisoma saa hizi. Simu iko kwa mzee, na mzee yuko mashineni mpaka jioni."

"Mashine ya nini?"

"Ya kusaga unga."



"Inakwenda kwa dizeli au kwa umeme?"

Adelina alifungua mdomo. Akaiangalia feni iliyosimama juu ya kichwa chake. 

"Adelina!"

"Umeme," akasema. "Mama yangu! Ni ya umeme, Julieth, na umeme umekatika mji mzima!"

"Toka hapo. Kimbia. Namba ya huyo mzee hata mimi sina. Nawapigia polisi wampitie, na namwandikia Limbu kwa anwani yangu asitoke. Wewe usimwandikie kitu tena, umesikia? Ukiandika asiende, umewaambia bado yupo."

Adelina hakumngoja amalize. Alishuka ngazi mbili mbili. Najiat alimwita, hakugeuka. Bodaboda ya kwanza ikapata pancha kabla hawajauacha mji. Ya pili ilikuwa ya babu mmoja aliyeendesha polepole kama anapeleka mayai sokoni.

"Baba, ongeza mwendo, nakuomba!"

"Mwanangu, barabara hii ina mashimo."

"Ongeza! Nakufa mimi!"

Akaongeza. Vumbi likawafunika wote wawili.

Mashine ya kusaga ya Mzee Mahona iko pembeni ya njia, banda la bati lenye mlango mweupe kwa unga. Leo ilikuwa kimya. Kina mama walikaa nje juu ya ndoo zao za mahindi, wanalalamika, wanapepea nzi. Nyumba ya mzee iko nyuma ya banda.

Polisi hawakuonekana. Adelina alizunguka banda anakimbia. Mzee Mahona alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, unga bado kwenye nyusi, anakunywa maji kwenye kata. Pikipiki yake kuukuu iliegeshwa ukutani.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Adelina? Umefanana na marehemu baba yako kama alivyokuwa. Karibu ukae."

"Limbu yuko wapi?"

Mzee akatabasamu. "Umemkosa kidogo tu. Si umemwandikia mwenyewe? Umeme ulipokatika nikarudi nyumbani kupumzika. Hata sijakaa, barua yako ikaingia kwenye simu. Nikamwambia, kijana, dada yako kasema ondoka, huulizi. Nikampa na simu yangu aondoke nayo, nikampakia pikipiki, nikamfikisha mimi mwenyewe barabara kubwa ya Urambo."

"Akapanda nini, baba? Basi?"

"Ah, basi! Mungu alitupenda. Hatujasimama sana, likaja gari zuri likasimama lenyewe. Nauli kakataa, kwamba anaelekea huko huko Usoke."

Adelina alimwangalia yule mzee. Alimwangalia usoni, halafu kichwani. Alikuwa kichwa wazi, na juu ya paji kulikuwa na mstari pale unga ulipoishia, mahali kofia huwa inakaa.

"Baba," akauliza taratibu, "kofia yako iko wapi?"

Mzee Mahona akacheka mpaka akakohoa.

"Kaninyang'anya mtani! Mwenye gari, Mzaramo wa Kisarawe. Mcheshi yule, sijapata kuona! Kanivua kofia, kavaa juu ya yake, kaniambia Wanyamwezi wamebeba mizigo inatosha, zamu hii..."

"Gari jeupe?"

"Jeupe." Kicheko cha mzee kikaanza kupungua. "Unamjua?"

Adelina alishika kichwa kwa mikono miwili, akapiga kelele iliyowanyamazisha kina mama kule mbele ya banda. Mke wa mzee akatoka ndani mbio, mikono ina majivu.

"Namba!" Adelina akasema. "Simu aliyoondoka nayo Limbu, nani ana namba yake?"

"Hiyo ni simu ya mume wangu, baba Tatu," yule mama akajibu. "Ninayo humu." Akatoa simu yake ya kitochi kiunoni, akabonyeza, akaweka sauti kubwa, akampa.

Ikaita. Ikaita. Adelina alikuwa anaomba kimoyomoyo maneno ambayo hata yeye hakuyajua mpangilio wake.

"Halo mama!" Sauti ya Limbu, na nyuma yake mngurumo wa gari.

"Ni mimi, dada yako."

"Dada! Umefika kwa mzee? Mbona ulisema shangazi... haya, sikiliza, usihofu, nimepata lifti nzuri sana."

"Limbu, weka simu sikioni vizuri. Nataka kukwambia kitu peke yako."

"Haiwezekani dada, hii simu ya mzee imekufa spika ya sikioni. Inasikika kwa sauti kubwa tu. Sema tu, tuko na mtani hapa, hana neno."

Adelina akamwangalia Mzee Mahona. Mzee akatikisa kichwa kwa majuto: ni kweli.

"Umepata ujumbe wa wakili?" Adelina akauliza, anatafuta njia.

"Kuna kitu kimeingia, sijakifungua. Chaji inaisha, na umeme ndiyo hivyo tena. Halafu dada, barabara tumeshaiacha. Mtani anajua njia ya mkato, ya porini. Anasema tutafika mapema."

Njia ya mkato! Ya porini!

Hapo Adelina akapata akili. Bado kulikuwa na mlango mmoja ambao Mzaramo, wa kweli au wa bandia, hawezi kupita. Akaacha Kiswahili. Akazungumza Kinyamwezi cha nyumbani, kile cha jikoni cha mama yao, haraka haraka, kwa sauti ya kawaida kama anayetuma salamu. Akamwambia: mdogo wangu, usishituke, usimwangalie. Huyo si mtani, ni mtu wa Kornel. Gari likipunguza mwendo, fungua mlango uruke, kimbia, usigeuke nyuma.



Gari lilisikika linanguruma. Kitu kikabofya, kama milango yote imejifunga kwa mpigo mmoja.

Halafu mtu akajibu. Hakuwa Limbu. Alijibu kwa Kinyamwezi hicho hicho, laini, hakikwami popote, Kinyamwezi cha mtu aliyekinyonya kwa mama yake. Mzee Mahona aliinuka kutoka kwenye kigoda aliposikia. Mkewe akaziba mdomo kwa mkono wenye majivu.

"Dada yangu," sauti ya Abasi ilisema kwa lugha yao wote, kwa upole, "si nilikwambia? Leo mimi ndiye mpagazi. Mzigo wako ninao."

Simu ikakatika.

Adelina aliibonyeza tena. Haikupatikana. Akaibonyeza tena. Na ndipo akaelewa kilichompita kule koridoni. Alimpima yule mtu, akapata jibu, akalisoma nusu. Abasi hakukosea alipovua kofia na kumpa pole. Mtani hakupi pole, ni kweli. Wa kwako ndiye anayekupa pole. Alikuwa mwenzao tangu mwanzo, na alimwambia waziwazi kwa kichwa alichoinamisha.

"Mwanangu," Mzee Mahona aliuliza, "yule ni mtoto wa nani?"

Kabla hajajibiwa, kelele za furaha zikapasuka kila upande. Watoto wa majirani walikuwa wanaruka njiani. "Umeme huooo! Umerudiii!" Kina mama wakainuka juu ya ndoo zao, wakaanza kusukumana kwenye mstari na kumwita mzee kwa jina.

Mzee alinyanyua mkono kichwani kutafuta kofia, akakuta nywele. Umeme ulipokatika mchana ule aliondoka hivyo hivyo, hakuzima swichi. Ndani ya banda, bila mtu, mashine ikaanza kunguruma yenyewe. Adelina aliibana ile simu sikioni kwa mikono yote miwili, na hata kama ingeita, asingeisikia.